Jeli ya Mtukufu katika Tangi la Kiwambo

Ipo nchi moja ambayo siwezi kuitaja jina. Si kwa sababu ya woga, ingawa mimi ni mwoga wa kutosha, bali kwa sababu jina lake liko mezani kwa Kamati ya Majina tangu mwaka juzi, na mpaka wajumbe wakubaliane sote tumeagizwa tuiite Nchi. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Haiko mbali, wala haifanani hata kidogo na ya kwenu.

Katika Nchi hiyo mimi, Masudi, nilikuwa Afisa wa Maneno Daraja la Pili wa Wizara ya Maji, Mvuke na Ukungu. Wenzangu wengine walichimba visima, wengine walipima mito. Mimi niliwaandikia wakubwa hotuba za kuvieleza visima na mito hiyo. Wakati ule niliamini kwa dhati kwamba kazi yangu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kisima kikikosa maji, ni kisima kimoja. Hotuba ikikosa makofi, ni wizara nzima.

Nilizaliwa Kiwambo, mji mdogo ulio kando ya mto, chini kidogo ya kiwanda kinachotia rangi vitambaa vya sherehe za taifa. Rangi iliyobaki kiwanda kiliimwaga mtoni, na mto ndio uliojaza tangi kubwa la saruji linalogawa maji kwenye mabomba ya mji. Kwa hiyo maji ya Kiwambo yalikuwa na tabia ya kuvaa sare. Wiki mbili kabla ya Siku ya Taifa yalikuwa ya kijani. Kabla ya Siku ya Majeshi yalikuwa mekundu. Siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu, ambaye ndiye mkuu wa Nchi, ikikaribia, mji mzima ulikoga maji ya manjano. Wenyeji hawakuhitaji kalenda. Walifungua bomba, wakaangalia, wakasema, "Ala, kumbe Wiki ya Uzalendo imefika." Mwezi wa pili tu ndio maji yalikuwa hayana rangi, maana mwezi huo haukuwa na sherehe. Nilipopata kazi wizarani, hotuba yangu ya kwanza ilikuwa ya kuanzisha sherehe mwezi wa pili.

Rangi peke yake isingekuwa neno. Tatizo ni dawa za kuishikiza rangi kwenye kitambaa, ambazo zina madini mazito. Madini hayo hayaonekani, hayanuki, na yakishaingia mwilini hayana haraka ya kutoka. Watu wa Kiwambo waliyajua kwa dalili: mtu anaanza kulalamika kwamba nyayo zimekufa ganzi, mwaka unaofuata anadondosha vikombe. Basi maji ya bomba wakayafanya ya kufulia na kudekia. Ya kunywa walikinga ya mvua, au waliyafuata kwenye chemchemi ya Kilimani, mwendo wa saa moja na nusu, ndoo kichwani. Mama yangu, Bi. Rukaiya, alikuwa na mapipa mawili ya maji ya mvua nyuma ya nyumba, yenye vifuniko vya kufuli. Alimwamini kila mtu Kiwambo. Kitu pekee ambacho hakukiamini ni bomba.

*

Mwaka mmoja alifika wizarani mwanakemia, Daktari Tunu Mwambola, mwanamke mwembamba mwenye mazoea ya kumaliza sentensi zake, jambo lililotutia wasiwasi tangu mwanzo. Alibeba bakuli la plastiki lililojaa vipande vya kitu laini, kinachong'aa na kutikisika, mithili ya halua iliyopikwa na mtu asiye na subira.

"Hii ni haidrojeli," alituambia katika ukumbi wa mikutano. "Nimeitengeneza kwa mwani na wanga wa muhogo. Karibu yote ni maji, lakini zile nyuzi chache zinazoyashika maji zina vishikizo vidogo sana. Maji machafu yakipita, rangi na madini vinanasa humo. Maji yanaendelea na safari yake."

Akachukua glasi ya maji ya bomba la Kiwambo, ya manjano kwa sababu siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu ilikuwa imekaribia, akatumbukiza kipande kimoja, akakoroga. Tuliletewa kahawa. Tulipomaliza vikombe, maji yalikuwa meupe na kipande kimekuwa cha manjano. Tulipiga makofi. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba Katibu Mkuu alikuwa amekula vipande viwili na kahawa yake.

"Sukari haijatosha," alisema, akifuta mdomo kwa leso. "Lakini wazo ni zuri."

Waziri wetu, Mheshimiwa Ngwalida, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuazimwa na vipaza sauti, alitaka kujua zaidi. "Daktari, hii inakunywa uchafu mpaka lini?"

"Mpaka ishibe, Mheshimiwa. Kwa maji ya Kiwambo ni siku kumi. Baada ya hapo tunaitoa, tunaisuuza kwa asidi hafifu, ule uchafu tunaufungia kwenye madumu, na jeli inarudi kazini."

"Na isipotolewa?"

"Itaoza. Na ikioza, kila ilichokimeza itakitapika kwa mkupuo. Maji yatakuwa mabaya kuliko tulivyoyakuta."

Waziri aliegemea mbele. "Haiwezekani ikafundishwa isishibe?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Hata kwa semina?"

Niliyaandika yote hayo kwenye daftari langu. Niliandika siku kumi, nikapiga mstari chini yake, kisha nikapiga wa pili. Msomaji naomba uikumbuke mistari hiyo miwili, kwa sababu mimi nilifanya bidii kubwa sana kuisahau.

*

Hapa sina budi kueleza desturi yetu moja, maana mgeni asiyeijua atadhani sisi ni wajinga, na tungependa afikie uamuzi huo akiwa na taarifa kamili.

Kwetu, kitu alichokiweka Mtukufu kwa mkono wake hakiondolewi na mkono mwingine wowote. Inaitwa Kanuni ya Mkono. Katika hospitali ya Kiwambo, utepe wa uzinduzi bado umefungwa kwenye mlango wa wodi ya wazazi, kwa kuwa siku ile mkasi ulikuwa butu na Mtukufu aliukata nusu tu. Wajawazito huinama wakapita chini yake, na wauguzi wanasema ni mazoezi mazuri. Sokoni kuna sepetu aliyoichomeka kwenye rundo la mchanga katikati ya njia. Mchanga ulishachukuliwa na mvua, sepetu imeegemezwa kwa mawe ili isianguke, na wauza vitunguu wamejipanga kuizunguka.

Vijana wanadhani desturi hiyo ni ya mababu. Ina miaka tisa. Niliiandika mimi, siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mfagizi mmoja alikuwa ametupa shada la maua yaliyonyauka, kumbe liliwekwa na Mtukufu, na wakubwa wakataka tamko kali kabla ya saa kumi. Nikaandika Waraka Namba Saba. Niliona ni utani uliopambwa vizuri na kwamba wangeupunguza makali. Hawakupunguza hata nukta. Walinipandisha kutoka Daraja la Tatu, nami nikagundua kwamba haukuwa utani.

*

Uzinduzi wa jeli ulipangwa ufanyike Kiwambo siku ileile ya kuzaliwa kwa Mtukufu. Daktari Tunu alikuwa na jeli katika vifuko arobaini vya wavu. Alituomba jambo moja tu: Mtukufu atumbukize kifuko kimoja kama ishara, vingine thelathini na tisa wavitumbukize mafundi wake. Sote tuliitikia kwa vichwa.

Mimi nilikabidhiwa hotuba. Daktari aliniletea maelezo yake, yenye sentensi hii: "Jeli itasafisha maji kwa siku kumi, kisha itatolewa na kusuuzwa." Niliitazama sana sentensi ile. Haikuwa na mahali pa kupigia makofi. Tena neno "itatolewa" kulitia kinywani mwa Mtukufu, baada ya Waraka wangu mwenyewe, niliona ni kujitafutia balaa. Nikaifuta, nikaandika: "Kuanzia leo, wananchi wa Kiwambo, mtakunywa maji safi, maji salama, milele!" Nikaisoma kwa sauti nikiwa peke yangu ofisini. Nakiri kwamba nilipiga makofi.

Siku ilipofika, Mtukufu alipanda ngazi ya tangi akiwa na glavu nyeupe, akatumbukiza kifuko cha kwanza. Wapiga picha wakamwomba arudie. Akatumbukiza cha pili. Umati ukashangilia, akanogewa, akavitumbukiza vyote arobaini, kimoja baada ya kingine, huku Daktari Tunu akihesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akaisoma hotuba yangu, na redio ya taifa ikaitangaza moja kwa moja.

Daktari alinifuata nyuma ya turubai. "Umeandika milele."

"Hiyo ni lugha ya hotuba, Daktari."

"Watu watafungua mabomba wanywe."

"Ndiyo kazi ya hotuba," nilimjibu, nikitabasamu, kwa sababu makofi yalikuwa hayajaisha.

Mchana nilikwenda kula kwa mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba amefungua kufuli za mapipa, anamwagia mchicha maji ya mvua kwa kata, mpaka ya mwisho. Mapipa alishampa jirani atilie mkaa. "Miaka kumi na minane nakinga mvua," aliniambia, "leo mwanangu kanipumzisha." Aliingia ndani akarudi na glasi ya maji ya bomba, safi kabisa, akainywa mbele ya majirani huku akiniangalia. Nilifurahi. Maji yalikuwa safi kweli siku ile. Kwa siku kumi, nilijiambia, mimi ni mkweli.

*

Siku ya kumi na moja Daktari Tunu aliingia ofisini kwangu bila kubisha.

"Wamenizuia kutoa jeli," alisema. "Yule mlinzi wa tangi, Bwana Kigwasu, ameutundika Waraka wako getini, umewekwa kwenye fremu. Anasema jeli zote arobaini ni za Mkono."

"Kisheria yuko sahihi," nilisema.

"Imeshiba, Masudi. Unanielewa? Imeshiba."

Nilimpa Fomu ya Kuomba Mkono, yenye kurasa kumi na mbili, ambayo kurasa tano niliziandika mimi. Tukaijaza pamoja. Jibu lilirudi kwa haraka isiyo ya kawaida: Mkono ulikuwa na ratiba, na ungepatikana Kiwambo baada ya miezi kumi na minne.

Wiki ya tatu maji yakaanza kunuka. Wizara iliitisha Kamati ya Dharura, ambayo ilikutana baada ya siku sita kwa kuwa ukumbi ulikuwa unapakwa rangi. Katibu Mkuu alipendekeza harufu ile itangazwe kuwa ndiyo harufu ya usafi, ambayo wananchi hawajaizoea. Waziri aliona mbali zaidi.

"Tuzindue jeli ya pili," alisema, "iisafishe ile ya kwanza."

"Na hiyo ya pili ikishiba?" aliuliza Daktari Tunu.

"Daktari, usitangulie serikali."

Daktari akaweka mezani chupa ya maji ya tangi. Yalikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, rangi ya sherehe zote zikichanganywa. "Madini ni mara tatu ya yaliyokuwepo kabla hatujagusa kitu," alisema. Wajumbe waliisogeza chupa upande kidogo ili isilowanishe ajenda. Ikaazimiwa kwamba tangi liendelee kufuatiliwa kwa karibu kutoka makao makuu.

Kwenye korido Daktari alinishika mkono wa shati. "Nilimkuta mama yako bombani," alisema. "Nikamwambia aache kunywa. Akaniambia mwanawe ameandika milele."

*

Nilipanda basi la asubuhi. Mama alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai, na nikaona anashika birika kwa mikono yote miwili. Chai ilikuwa na wekundu ambao si wa majani ya chai.

"Miguu vipi, mama?"

"Ganzi kidogo. Uzee huo."

"Mama, sikiliza. Usinywe tena maji ya bomba. Usipikie. Yana sumu."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema."

Mama yangu hakusoma sana, lakini alifuatilia redio kuliko waziri yeyote. "Wewe ulisema ni salama," alisema. "Uliandika, Mtukufu akasoma, Nchi nzima ikasikia. Leo unakuja jikoni kwangu unaninong'oneza. Jambo la kweli, Masudi, ungelisema redioni."

"Redioni siwezi, mama."

"Basi hilo si kweli. Au wewe si yule mwanangu."

Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimejenga kwa mikono yangu nchi ambayo neno halina uzito mpaka lipigiwe mhuri na kusomwa kwa kipaza sauti, na sasa nilikuwa nimesimama ndani yake nikiwa na mdomo mtupu. Niliona uchungu ambao sikumbuki kuuona tangu utotoni. Nilitaka kulia. Badala yake, kwa kuwa nilikuwa mgeni wa heshima na majirani wanachungulia, nikanywa ile chai.

Kutoka hapo nilikwenda tangini, ambako Daktari Tunu alikuwa akibishana na Bwana Kigwasu kwa siku ya ishirini na mbili. Bwana Kigwasu alikuwa mgambo mstaafu, mpole, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kola.

"Bwana Kigwasu," nilimwambia kwa sauti ya makao makuu, "huo Waraka niliuandika mimi."

"Naelewa, mheshimiwa. Jina lako lipo hapo chini."

"Basi nakuambia fungua."

"Nikifungua nitakuwa nimekudharau wewe uliyeandika," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Mimi mwenyewe mheshimiwa nayanywa maji haya. Wajukuu zangu wanayanywa. Lakini taratibu ni taratibu."

*

Siku ya Taifa ilikuwa imebakiza wiki mbili, na hotuba kuu ya siku hiyo nilipewa niiandike mimi. Sasa, kuna jambo watu wa ofisi yetu walilijua na hawakulisema popote: Mtukufu alisoma chochote kilichokuwa kwenye karatasi. Mwaka mmoja nilisahau maelekezo ndani ya hotuba, naye akawaambia watu elfu sitini uwanjani, kwa hisia, "Tua hapa, kohoa kidogo." Walishangilia.

Shujaa angekwenda redioni akasema yaliyo kweli. Mimi nilifanya kile ninachokiweza, yaani kumwekea mtu mwingine maneno mdomoni na kujificha nyuma ya turubai. Katika ukurasa wa kumi na tisa, kati ya sifa za barabara na sifa za mvua, nilipachika haya: "Ndugu wananchi, mnadhani nina mikono miwili? Mimi nina mikono yenu nyote! Kuanzia saa hii mkono wa kila mwananchi ni mkono wangu. Utakachoweka, nimeweka mimi. Utakachoondoa, nimeondoa mimi!" Niliisoma mara saba, nikatapika mara mbili, nikaipeleka kwa Waziri. Waziri alisema ni nzito sana na akanishauri niongeze alama za mshangao.

Siku yenyewe nilisimama nyuma ya jukwaa nikiwa nimejishika kwenye nguzo ya turubai. Mtukufu alifika ukurasa wa kumi na tisa. Alisoma. Yakalipuka makofi ambayo sijapata kuyasikia, mpaka yeye mwenyewe akafurahi na kulirudia tamko lote tangu mwanzo, akiinua mikono.

Yaliyotokea Kiwambo nilisimuliwa na Daktari Tunu. Anasema Bwana Kigwasu alikuwa getini na redio yake ndogo. Alisikiliza mara ya kwanza, akasikiliza mara ya pili. Akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma. Akaupigia saluti kwa mkono wa kushoto, kisha akautumia kufungua geti.

Mama yangu alikuwa wa tatu kufika, kwa sababu redio ilikuwa imesema. Wakavitoa vifuko vyote arobaini. Jeli ilikuwa imekuwa nyeusi, inanuka, inatitirika kutoka kwenye nyavu, na Daktari alisimama na glavu na mapipa akiwaonyesha wapi pa kuiweka na wapi wasiguse. Waliyamwaga maji ya lile tangi kwenye shimo alilowachimbisha, wakalisugua. Walipomaliza walikuwa bado wana mikono. Wakaenda hospitali wakautoa utepe. Wakaenda sokoni wakaing'oa sepetu. Halafu mtu mmoja akatazama juu, kule mto unakotoka, na wote wakaufuata mpaka kiwandani, wakalifunga koki la bomba la maji taka.

Meneja alitoka akifoka. "Nani amefunga?"

"Mtukufu," walimjibu.

Meneja hakuwa mjinga. Alikumbuka kwamba naye ni mwananchi, kwamba mkono wake nao ni Mkono, akalifungua. Wakalifunga. Akalifungua. Siku ile Mtukufu alifunga na kufungua koki lile mara kumi na moja, mpaka Watukufu wa nje ya geti walipoonekana kuwa ni elfu nne na Mtukufu wa ndani ni mmoja, naye akaingia ofisini kupiga simu. Simu ilipigwa mpaka juu kabisa. Lakini kulitengua tamko kungekuwa kusema kwamba Mtukufu alikosea, na hapakuwa na fomu ya jambo hilo. Waraka wa fomu zisizoruhusiwa niliuandika mimi pia.

Nilipandishwa Daraja la Kwanza kwa hotuba bora ya mwaka. Siku hiyohiyo nilihamishiwa Kituo cha Ukungu, mkoa wa kaskazini, ambako hakuna ukungu. Nina meza, kiti na kipimo. Kila asubuhi naandika sifuri.

*

Likizo yangu ya kwanza niliitumia Kiwambo. Maji ni safi sasa, nawaambieni kweli, na najua neno langu lina thamani gani. Kila baada ya siku kumi wanawake wa mtaa, kwa zamu, wanaitoa jeli pamoja na Daktari Tunu, wanaisuuza, wanairudisha. Wanaifanya kama wanavyofua nguo, wakipiga soga, bila hotuba.

Nilimuuliza Daktari kama ipo jeli ya kumpa mtu, inywewe, iyakusanye yale yaliyomo mwilini. Alinijibu kwa upole kwamba kazi yake ni ya matangi. Kuna dawa hospitali kuu, alisema, nazo husaidia zikiwahi.

Mama alinipokea mlangoni kwa fimbo. Alitengeneza chai mwenyewe, akakataa nimsaidie, na ilimchukua muda mrefu. Tulikaa jikoni. Alinipa habari za mtaa mzima, nani kaoa, nani kahama, sepetu ya sokoni kaichukua nani. Kisha akakiweka kikombe chake mezani.

"Masudi."

"Naam, mama."

"Siku ile unaandika milele. Yule daktari alikuwa amekwisha kukuambia habari ya siku kumi?"

Kwa miaka yote kazini niliandika hotuba mia nne na kitu, na kila moja ilipitiwa na watu sita kabla ya kutamkwa. Hii haikupitiwa na mtu.

"Bado, mama," nilisema. "Aliniambia baadaye."

Uso wake ulilegea, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Nilijua," alisema. "Niliwaambia hapa, mwanangu angelijua asingeliandika." Akanisogezea kikombe kwa mikono yote miwili, chai ikamwagika mezani, nami nikachukua kitambaa nikaifuta.